Nyambizi ya Kubuni Darasani: Zana au Pambo?

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha unapokaribia, mabweni ya chuo hugeuka karakana. Wanachuo hukata maboksi, hukoroga gundi, hupaka rangi hadi usiku wa manane, na asubuhi yake zana hubebwa kwenda shuleni kwa uangalifu kama mayai. Tumekwisha kuona mioyo ya udongo, milima ya volkeno inayotoa povu, na magego ya mbao makubwa kama matofali. Nyingi ni nzuri. Lakini tukiuliza ni mkono wa nani ulioitengeneza zana, jibu huwa ni la mwanachuo mwenyewe, na mara nyingine ni la fundi wa mjini aliyelipwa fedha. Mtoto aliyekusudiwa kufundishwa huonyeshwa zana hiyo kwa dakika tano, huonywa asiiguse, kisha hurudishwa kwenye daftari lake.

Sisi twaona kwamba zana ya namna hiyo ni pambo la mwalimu. Ndiyo sababu katika makala haya tungependa kutetea kazi ambayo baadhi ya wakufunzi wenzetu huicheka: kuwaacha wanafunzi wa darasa la tano au la sita wajenge na kupaka rangi mfano wa nyambizi ya kubuni, pamoja na mandhari ya chini ya bahari inamopita. Twasema ya kubuni kwa makusudi. Anayeumba moyo wa udongo hunakili picha ya kitabuni, na akikosea huambiwa atazame tena. Anayebuni nyambizi hana picha ya kutazama. Hana budi kutoa sababu ya kila kitu anachokiweka.

Wanaopinga husema kwamba mtoto wa Singida au Tabora, ambaye hajapata kuiona bahari, afundishwe kwanza jembe na kisima, na kwamba chombo kisichokuwapo duniani ni uongo usiofaa kuingizwa darasani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani imetoka kwa watu wanaojua uhaba wa shule zetu. Hata hivyo, jembe mtoto huyo analijua kuliko mwalimu wake. Asilolijua ni bahari, nayo ni sehemu ya nchi yake. Tena kubuni si kusema uongo. Mwaka 1800 Robert Fulton alijenga huko Ufaransa chombo cha kuzama kilichoitwa Nautilus. Mwandishi Jules Verne, katika riwaya iliyoanza kutoka gazetini mwaka 1869, alilitwaa jina hilo akalipa chombo kikubwa cha umeme ambacho hakuna kiwanda cha wakati ule ambacho kingeweza kukijenga. Mwaka 1954 Marekani ilishusha majini nyambizi ya nguvu za nyuklia yenye jina lilo hilo, na mwaka 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Hatudai kwamba riwaya ndiyo iliyounda nyambizi. Twasema tu kwamba ndoto na karakana hazikuwa mbali sana. Wala tusiwafiche watoto kwamba nyambizi nyingi za kweli ni silaha, wataliuliza wenyewe.

Uzuri wa chombo cha Verne kwa mwalimu ni kwamba mwandishi alikipa vipimo. Kina urefu wa meta 70, na upana wake mkubwa ni meta 8. Kwa skeli ya 1:100, mfano utakuwa na urefu wa sentimeta 70 na unene wa sentimeta 8, yaani kipande kizuri cha mwanzi mnene. Baharia wa kawaida atakuwa na sentimeta 1.7. Papa potwe wa meta 10, kama wale waonekanao Mafia, atakuwa na sentimeta 10. Changu wa sentimeta 30 atakuwa na milimeta 3 tu. Hapa ndipo hesabu inapoanza kuuma. Watoto hupenda kuchora changu mkubwa kuliko dirisha la nyambizi. Mwalimu asimkemee mtoto huyo. Ampe rula, amwulize samaki huyo angekuwa na urefu gani baharini, kisha anyamaze.

Hata jina la riwaya ni swali la hesabu. Lasema juu ya ligi elfu ishirini chini ya bahari, na watu wazima wengi hudhani kwamba hicho ni kina. Ligi aliyoitumia Verne ni kilometa 4. Kwa hiyo ni kilometa 80,000, karibu mara mbili ya mzingo wa dunia. Kipenyo cha dunia nzima hakifiki kilometa 13,000. Basi ni umbali wa safari, si kina. Kina kikubwa kabisa cha bahari, ambako Jacques Piccard na Don Walsh walishuka mwaka 1960 ndani ya chombo Trieste, ni kiasi cha kilometa 11. Kwa skeli yetu boksi la mandhari lingehitaji urefu wa meta 110, yaani kuliko kiwanja cha mpira kilichosimamishwa wima. Wapelekeni watoto kiwanjani wakaone.

Tukija kwenye ujenzi, hatuna mengi ya kusema, maana mikono ya watoto ni hodari kuliko maelezo yetu. Mahali pasipo mianzi, chupa mbili za plastiki huunganishwa midomo, au hutafutwa kibuyu kirefu. Huvikwa vipande vya magazeti vilivyolowekwa katika uji mzito wa muhogo, tabaka nne au tano, kila moja ikikauka kivulini kabla ya nyingine kubandikwa, kwa sababu jua kali hupinda kazi. Kisha husuguliwa kwa msasa. Kundi moja la watoto tuliowaongoza lilibandika punje za ulezi ubavuni ziwe ribiti za mabati. Zilipendeza mno, mpaka msichana mmoja alipopima punje na kutangaza kwamba ribiti hizo zina upana wa sentimeta 15 kila moja. Kundi likabishana kipindi kizima, likaamua kuziacha, kwa hoja kwamba chombo ni chao. Sisi tuliridhika, maana uamuzi ulifuata kipimo.

Umbo lenyewe lina somo. Watoto wengi huanza na nyambizi ya pembe nne kama basi. Yafaa waelezwe kwamba kila meta 10 za kushuka baharini huongeza kani ya maji kiasi sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye meta 100 chombo hubanwa mara 11 kuliko kikiwa juu. Wape boksi tupu la maziwa walibane kwa viganja, kisha wape yai. Hakuna atakayeitetea tena pembe nne. Na kwa swali la kuzama na kuibuka, tumieni chupa ya plastiki iliyotobolewa chini na kufungwa jiwe, mdomoni imetiwa bua la jani la mpapai na kuzibwa kwa udongo. Hewa ikitoka, maji huingia na chupa huzama. Mtoto akipuliza, maji hutoka na chupa huibuka. Verne aliipa nyambizi yake matangi ya kiasi cha tani 150 kwa kazi hiyo hiyo. Ndoo moja ya maji yatosha.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote ni rangi, nayo ndiyo wanachuo huifanya kwa haraka, wakimwaga buluu kila mahali. Bahari haichorwi hivyo. Maji humeza mwanga, na wekundu ndio humezwa kwanza: kwenye kiasi cha meta 10 kitu chekundu huonekana cha kahawia au cha kijivu, na chini zaidi hubaki buluu, kisha giza. Kwenye meta 1,000 mwanga wa jua haufiki kabisa. Kwa hiyo watoto waamue kwanza nyambizi yao iko kina gani, ndipo wachague rangi. Matumbawe mekundu ya kung'aa ni halali karibu na uso wa maji, au mbele ya taa ya chombo. Mbali na taa yanyimwe wekundu.

Rangi hazihitaji duka. Chokaa hutangulia mahali pote ili karatasi isinywe rangi. Mkaa uliosagwa, udongo mwekundu na buluu ya kufulia, vikikorogwa na uji mwepesi, hutoa karibu kila kinachotakiwa. Udongo mwekundu peke yake hufanya kutu ya kuaminika sana. Pakeni rangi nyeusi nyeusi kwanza, mpaka ndani ya mikunjo. Ikikauka, chukueni brashi iliyofutwa hata ikawa karibu kavu, yenye rangi nyeupe nyeupe, mpitishe juu juu ili ishike kwenye matuta tu. Dodoki lililokatwa na kumbi la nazi hugeuka mwamba wa matumbawe mbele ya macho yenu. Ukuta wa nyuma wa boksi usichorwe samaki wengi; vitu vya mbali majini hufifia, na buluu hafifu isiyo na kitu ndiyo inayolipa boksi kina. Shule za pwani zisivunje matumbawe mabichi kwa ajili ya kazi hii. Hayo ni makao ya viumbe hai, na dodoki lafaa zaidi.

Mtoto akichora samaki wa ajabu asiyefahamika, msikimbilie kumcheka. Silikanti alidhaniwa ametoweka tangu zama za kale mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938, na baadaye wavuvi wa Tanga wamewanasa wengi katika nyavu zao.

Swali tulilolifurahia kuliko yote lilitoka kwa mvulana ambaye kwa kawaida hakunyoosha kidole. Kundi lake liliweka jiko la mkaa ndani ya nyambizi, naye akauliza moshi utatokea wapi, na mabaharia watavuta hewa ipi. Hilo ni somo la hewa na la mwako, na limeletwa na mwanafunzi. Verne alilijibu kwa kupikia umeme na kwa kuibuka juu kuvuta hewa mpya. Kundi lile lilijibu kwa kuligawa jiko kwa kundi jingine.

Twajua kwamba mwanachuo anayesoma haya anawaza alama. Darasa lenye watoto 80 haliwezi kujenga chombo kimoja. Ligawanywe makundi, mengine mandhari, mengine chombo, mengine hesabu za skeli, na kazi ichukue vipindi sita au saba. Mfano utakaotoka utakuwa umepinda. Kwa hiyo twawaomba wakufunzi wenzetu, wanapokwenda kukagua, waiache karatasi ya alama mfukoni kwanza, wamwite mtoto yeyote wa dawati la nyuma, wamwulize kwa nini dirisha la nyambizi ni la mviringo. Akijibu, mwanachuo apewe alama zake hata kama rangi imechuruzika. Asipojua, basi hata nyambizi iliyochongwa na fundi wa mjini isimpatie kitu.

Mwisho, gundi ya uji hupendwa na panya. Mfano utundikwe darini kwa mshipi, na ukianza kuchakaa upewe darasa linalofuata waupasue waone ndani.