Benki Huhesabu Miezi, Ndege Huhesabu Saa

Ukipita Barabara ya Lang'ata jijini Nairobi, upande wa uwanja wa Wilson, utaziona zimejipanga: ndege ndogo za injini moja, nyingine zimefunikwa turubai, nyingine zimekaa hadi matairi yamelegea. Kumzungumzia mtu binafsi anayetaka mkopo wa kununua ndege, katika nchi ambamo mkulima huzungushwa miezi kwa ajili ya trekta, kunasikika kama mzaha. Lakini rubani wa biashara huhitaji saa 200 angani kabla ya kupata leseni, au 150 akipitia kozi iliyoidhinishwa, na saa hizo hazipatikani kwenye Boeing. Hupatikana kwenye hizi za turubai. Kwa hiyo ni halali kuuliza nani azinunue, na kwa fedha za nani.

Chukua Cessna 172, ndege ya viti vinne ambayo zaidi ya 44,000 zimeundwa tangu miaka ya 1950. Mpya inazidi dola 400,000, kwa hiyo wengi hununua kuukuu. Kiwanda kiliacha kuiunda mwaka 1986, kesi za fidia na gharama za bima zilipokilemea, kikarejea mwaka 1996 baada ya sheria ya Marekani ya 1994 kuweka kikomo kwenye madai dhidi ya watengenezaji. Ndiyo maana ndege iliyotoka kiwandani miaka ya 1970 bado inauzwa kwa bei inayomshtua aliyezoea magari.

Na mazoea ya magari ndiyo yanayowapotosha wakopeshaji. Nchini Kenya mkopo wa logibuku unaeleweka hadi sokoni: unatoa hati ya gari, unapewa fedha, ukishindwa kulipa gari linakwenda. Logibuku ya gari inasema mali ni ya nani. Ya ndege ni kitu kingine kabisa. Ni daftari la maisha yake, lenye kila saa iliyoruka, kila kipuri kilichobadilishwa na sahihi ya kila fundi. Likipotea, thamani ya ndege huporomoka hata kama rangi inang'aa. Benki ikilifungia kwenye kasha, fundi hana pa kuandika. Ikimwachia mwenye ndege bila kulikagua, inakuwa imekopesha kwa dhamana ambayo haijui imebakiza nini.

Imebakiza nini ndilo jambo lenyewe. Injini ya Lycoming iliyo kwenye nyingi ya ndege hizi, mtengenezaji hupendekeza ifunguliwe yote na kujengwa upya ikifika saa 2,000 au miaka 12, kutegemea kipi kitangulie. Kazi hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Sasa tuseme mtu amekopa kwa miaka kumi, kisha ili ndege imsaidie kulipa akaikodisha kwa shule ya urubani. Ushauri huo hutolewa kila siku, na kwenye karatasi unapendeza. Ikiruka saa 400 kwa mwaka, injini iliyoanza ikiwa mpya inafika mwisho mwaka wa tano. Deni wakati huo halijalipwa hata nusu, maana marejesho ya mwanzo huliwa zaidi na riba. Mwenye ndege anahitaji mkopo wa pili ili aokoe wa kwanza. Kodi aliyokuwa akiiita faida ilikuwa injini yake ikiuzwa kidogo kidogo.

Asiyeikodisha naye hajapona. Saa 50 kwa mwaka ni 500 kwa miaka kumi, na karatasi za benki zitaonyesha injini ina saa 1,500 bado. Kalenda inasema imebakiza miaka miwili. Ikiwa imelala Mombasa au Zanzibar, kwenye hewa ya chumvi, kutu haitasubiri hata hiyo miwili.

Juu ya hayo kuna dola. Ndege, vipuri na injini huuzwa kwa dola. Rubani wa Nairobi aliyekopa kwa dola mapema mwaka 2021, na rejesho la 1,500 kwa mwezi, alikuwa akitafuta takriban shilingi 165,000. Januari 2024 dola ilipopita shilingi 160, rejesho lilelile lilimtaka 240,000. Shilingi ilijikaza baadaye, lakini benki haimsubiri mtu hadi hapo.

Sheria nayo ina tundu ambalo halizungumzwi. Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001 pamoja na itifaki yake ya ndege, ambao Kenya ilijiunga nao 2006 na Tanzania 2009, humruhusu mkopeshaji kuandikisha haki yake kwenye rejesta ya kimataifa iliyoko Dublin na kuichukua ndege kwa haraka deni lisipolipwa. Ila itifaki hiyo inataka ndege ibebe angalau watu 8, rubani akiwemo, au mizigo inayozidi kilo 2,750, na injini ya propela iwe na nguvu farasi 550 au zaidi. Ndege ya Caravan inayopeleka watalii Serengeti inaingia. Cessna 172, ambayo kwa kawaida ina farasi 150 hadi 180, inabaki nje. Mkopeshaji wake anarudi kwenye sheria za ndani na foleni za mahakama, huku dhamana ikikaa uwanjani na kuoza. Benki zinazotoza riba kali kwa ndege ndogo, au kudai hati ya nyumba badala yake, siziiti roho mbaya.

Kwa mtu mmoja anayetaka ndege ya Jumamosi, naona mkopo ni kosa, hata awe na mshahara mnono. Kwa chama cha watu wanne au watano ni jambo jingine. Wachange bei ya kuanzia, wakope sehemu ndogo, na kila anayeruka aweke fedha za injini kwa kila saa kabla hajashuka, kwenye akaunti ambayo mkopeshaji anaiona. Hapo benki au sakosi inaweza kupima kwa kipimo cha ndege yenyewe: mara mbili kwa mwaka impeleke mhandisi hangani, afungue daftari, alinganishe saa zilizoruka na fedha zilizowekwa.

Kinachovunja vyama hivi mara nyingi huanzia kwenye kuondoka. Mmoja anapata kazi Doha, anataka fungu lake, na robo ya ndege haikatwi ikauzwa. Kabla ya kusaini mkopo, mkataba wao uandike fungu hilo litakavyopimwa: bei ya soko ya siku hiyo, kutoa deni, kutoa saa za injini zilizokwisha kuliwa, na wenzake wapewe miezi mingapi ya kumlipa.