KITABU CHA LIKIZO KATIKA NCHI YA NGAMIA

Kila mwaka, kengele ya mwisho wa muhula inapolia katika shule za sekondari za Garissa, Wajir na Mandera, wanafunzi hufunga masanduku yao ya bati na kutafuta magari ya kuwarudisha kwao. Ndani ya masanduku hayo, chini ya nguo na kipande cha sabuni, aghalabu mna kitabu kimoja au viwili vya Kiingereza ambavyo mwalimu wa madarasa ya juu ameagiza visomwe kabla ya shule kufunguliwa. Agizo lenyewe ni fupi: "Someni riwaya yote, na kila mtu aje na insha mbili." Kulitamka ni rahisi, lakini kulitimiza ni kazi nyingine kabisa. Tena matokeo ya kazi hiyo si madogo, na kwa hiyo yafaa wazazi, walimu na wanafunzi wenyewe walifikirie jambo hili kwa makini.

Desturi ya kuwapa wanafunzi vitabu vya kusoma likizoni ilistawi sana katika nchi za Ulaya na Marekani. Huko likizo ndefu huwa wakati wa joto, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na kijana aweza kusoma chini ya mti penye kivuli, au kwenda katika maktaba iliyo karibu na nyumba yao. Katika Kenya mwaka wa shule umegawanywa katika mihula mitatu, na likizo huangukia Aprili, Agosti, na mwisho wa mwaka. Katika nyika ya kaskazini mashariki kila moja ya likizo hizo ina kazi yake. Mwezi wa Aprili ndio mwanzo wa mvua za masika, ambazo Wasomali huziita Gu, na wenye mifugo huhama kufuata majani mabichi. Agosti ni wakati wa upepo na vumbi. Mwisho wa mwaka huja mvua za Deyr, na njia nyingi hazipitiki kwa matope.

Kwa hiyo kijana aliyeondoka kwao mwezi wa Januari huenda asiyakute makazi mahali alipoyaacha. Aqal ya mama yake imekwisha kufunguliwa miti na mikeka, ikapakiwa juu ya ngamia, ikasimamishwa tena mahali pengine. Itampasa aulize visimani na madukani mpaka apate habari za jamaa zake. Naye akifika, hukabidhiwa fimbo ya kuchungia siku iyo hiyo, maana ndugu yake alikuwa akimngoja ili apate kupumzika. Msichana hukabidhiwa madumu ya maji. Je, kitabu kitasomwa saa ngapi?

Msomaji mwingine atasema, "Basi kisisomwe, likizo ni mapumziko." Lakini na apige hesabu kwanza. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, yaani KCSE, umekuwa na karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Katika karatasi ya pili, dondoo kutoka katika kitabu kilichowekwa huwa na alama 25. Katika karatasi ya tatu, insha mbili za vitabu huwa na alama 20 kila moja. Jumla ni alama 65, karibu theluthi moja ya mtihani wote, na alama hizo hazipatikani kwa kubahatisha. Mtu ama amekisoma kitabu ama hakukisoma. Tena gredi ya Kiingereza hutazamwa na vyuo vingi, hata vile vya uganga na ualimu, kabla kijana hajakubaliwa kuingia.

Pana sababu nyingine inayokifanya kitabu cha likizo kuwa na uzito zaidi katika nchi hiyo kuliko mahali pengine. Wakati wa ukoloni sehemu hiyo iliitwa Northern Frontier District, nayo ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambayo mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zilizodhaniwa kuwa na faida ya haraka, na nyika haikuhesabiwa miongoni mwake. Hivyo shule zilichelewa, na walimu wengi wa masomo ya juu walitoka mikoa mingine.

Kisha ikaja misiba. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilishambuliwa, watu 28 wakauawa, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda kwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe katika kaunti ya Garissa. Baada ya mambo hayo walimu wengi waliotoka mbali waliomba kuhamishwa, na hakuna mwenye haki awezaye kuwalaumu. Lakini madarasa yalibaki, na wanafunzi walibaki ndani yake. Mahali ambapo mwalimu mmoja hufanya kazi ya watatu, yale ambayo mwanafunzi amejisomea mwenyewe huwa ndiyo nusu ya shule yake.

Wala mzazi mwenye fedha asidhani kwamba atalimaliza jambo hilo kwa kulipia masomo ya likizo shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliyakataza. Kitabu hakikukatazwa.

Katika Garissa kuna ushahidi mzuri kwamba nyika na kitabu si maadui. Mwaka 1996 Shirika la Maktaba la Taifa la Kenya lilianzisha huko maktaba ya ngamia. Gari lilishindwa na mchanga na matope, lakini ngamia hakushindwa. Mnyama mmoja alibebeshwa masanduku ya mbao yenye vitabu, mwingine hema na mikeka, na msafara ukaenda mpaka kwenye shule na vijiji vilivyo mbali na barabara. Hema lilisimamishwa, mikeka ikatandikwa, watoto wakaketi na kuchagua. Habari za maktaba hiyo zilifika mbali, hata mwandishi wa Marekani aitwaye Masha Hamilton akatunga riwaya juu ya jambo kama hilo, iliyochapishwa mwaka 2007. Lililowashangaza wageni lilikuwa ngamia. Lakini watu wa nchi, ambao ngamia wamewabebea nyumba, maji na watoto tangu zamani, hawakuona ajabu kwamba aweza kubeba vitabu.

Sasa na vitazamwe vitabu vyenyewe. Kwa miaka kadhaa tangu 2018 watahiniwa wa KCSE walisoma mchezo wa Henrik Ibsen wa nchi ya Norway, uitwao A Doll's House, uliotolewa mwaka 1879, pamoja na riwaya ya Henry ole Kulet iitwayo Blossoms of the Savannah, iliyochapishwa mwaka 2008. Mwanafunzi wa Garissa aufunguapo mchezo wa Ibsen hukuta theluji, mti wa Krismasi na mkuu wa benki, akadhani ya kuwa hayamhusu. Lakini chini ya theluji hiyo mna deni, mna siri, na mna heshima ya mwanamume mbele ya watu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kigeni penye kisima cha Garissa.

Achukuliwe, kwa mfano, msichana wa kidato cha tatu aliyeko nyumbani kwa likizo ya Aprili. Jioni, ng'ombe wakiisha kukamwa, bibi yake amwuliza ni nini alichokuwa akisoma alfajiri. Msichana amsimulia kwa Kisomali habari za Nora, aliyeghushi sahihi ya baba yake ili akope fedha za kumponya mumewe, na jinsi mume alivyomkaripia siri ilipofichuka, na jinsi alivyotoka nyumbani usiku ule akafunga mlango. Bibi anyamaza kidogo, kisha asema, "Mjukuu wangu, na jamaa zake walikuwa wapi? Mwanamke huondokaje pasipo mtu wa kumpokea?"

"Ayeyo, hilo sikulifikiri," ajibu msichana.

Arudi kwenye kitabu asubuhi yake, atafute. Aona kwamba baba yake Nora amekwisha kufa, wala hakuna ndugu yeyote anayetajwa. Hata usiku ule alioondoka, mahali pa kulala palikuwa kwa rafiki tu. Ndipo afahamu ya kuwa upweke huo umejengwa na mwandishi kwa makusudi, na kwamba uzito wa tendo la Nora umo humo. Aandika sentensi tatu katika daftari yake. Shule itakapofunguliwa, sentensi hizo tatu zitakuwa mwanzo wa insha ambayo mwalimu hakuisoma katika daftari ya mwanafunzi mwingine yeyote. Na aliyemsaidia ni mtu asiyejua herufi hata moja ya Kiingereza.

Mfano huo usidhaniwe kuwa maneno ya kupendeza tu. Lugha ya Kisomali haikuwekewa maandishi rasmi nchini Somalia mpaka mwaka 1972, lakini kwa vizazi vingi mashairi yake marefu yalihifadhiwa vifuani mwa watu, yakapimwa na kuhukumiwa mbele ya wazee. Watu waliolelewa hivyo ni wahakiki hodari. Kijana awasimuliaye kitabu chake hujifunza mara mbili: kwanza hulazimika kukielewa apate kukisimulia, kisha huulizwa maswali.

Riwaya ya ole Kulet yahitaji kutajwa kwa uangalifu zaidi. Ndani yake wasichana wawili, Taiyo na Resian, wahamishwa na wazazi wao kutoka Nakuru mpaka Nasila, na huko wakutana na ukeketaji na ndoa ya kulazimishwa, wakati Resian atamani chuo kikuu. Msichana wa kaskazini mashariki asomaye kitabu hicho likizoni hasomi habari za Wamasai peke yao. Sehemu hiyo ni miongoni mwa zile ambazo desturi hiyo imeshikiliwa sana katika Kenya, ingawa sheria ya mwaka 2011 iliikataza. Tena likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndiyo inayojulikana kuwa wakati ambao wasichana hufanyiwa jambo hilo. Mwalimu anayempa msichana kitabu hicho aende nacho nyumbani amempa kazi nzito kuliko insha. Yampasa mwalimu amwambie mapema kwamba mlango wake uko wazi. Na mzazi akimwona binti yake akisoma kwa huzuni, amwulize kwa upole kabla ya kumwambia afunge kitabu.

Kuna udanganyifu mmoja wa kuepukwa. Madukani huuzwa vijitabu vya miongozo, vinavyotoa muhtasari wa kila sura na majibu ya maswali yanayotazamiwa. Mwongozo waweza kumsaidia aliyekwisha kusoma. Lakini asomaye mwongozo badala ya kitabu ni kama mtu aliyesimuliwa habari za kisima: aweza kutaja kina chake na njia ya kukifikia, na kiu yake iko palepale.

Basi yafaa kufanywa nini? Mwalimu asiagize vitabu vinne kwa likizo ya majuma matatu. Aagize kimoja, atoe maswali matano ya kuongoza, na aeleze mapema majina na desturi zitakazomtatiza msomaji. Mzazi atoe saa moja tu kwa siku, naye ahakikishe kwamba saa hiyo haitolewi kwa mvulana na kunyimwa msichana. Saa ifaayo ni baada ya sala ya alfajiri, mwanga ukisha kutosha na jua halijawa kali, maana taa nyikani ni shida na betri za tochi hununuliwa kwa fedha.

Mwanafunzi naye na agawanye kazi yake. Kitabu cha kurasa 280, kikigawanywa kwa siku 20, ni kurasa 14 kwa siku, nazo mchunga mbuzi aweza kuzimaliza mifugo ikipumzika kivulini. Akisoma, aandike kila siku mambo mawili tu: lililotendeka, na swali moja. Kitabu akifunge kwa kitambaa na kukitia katika mfuko, kwa sababu vumbi la Agosti na mvua ya Aprili havijui mali ya serikali. Na akutanapo na mwanafunzi mwenziwe kisimani, wabadilishane maswali kabla ya kubadilishana habari za mji.

Shule itafunguliwa, na masanduku ya bati yatapakiwa tena juu ya magari. Mwalimu atasimama mbele ya darasa na kuuliza ni nani aliyemaliza kitabu. Mikono michache itainuka upesi. Mmoja katika hiyo huenda ukawa wa kijana ambaye kitabu chake kina alama ya mafuta ya maziwa katika jalada, na mchanga kati ya kurasa. Mwalimu mwenye busara hatamkaripia kwa uchafu huo, bali atakifungua kitabu atazame mchanga umefika ukurasa wa ngapi.