"Punguzeni Mifugo": Ushauri Uliochakaa

Kila kiangazi kinapokaza, hotuba huwa ile ile. Kiongozi anafika katika wilaya ya wafugaji, anaoneshwa mizoga kandokando ya lambo lililokauka, kisha anawageukia wenye mali na kuwaambia: punguzeni mifugo, vuneni, jengeni nyumba bora, somesheni watoto. Mjini maneno hayo huungwa mkono bila ubishi. Vijiweni husimuliwa habari za mzee mwenye ng'ombe mia tano anayelala kwenye nyumba ya udongo na kuvaa kandambili za matairi. Hukumu inakuwa imeshatoka: mfugaji wa asili anafuga kwa ajili ya sifa, hajui hesabu, na ng'ombe wake ndio wanaogeuza nchi kuwa jangwa.

Imani hiyo ina umri wa karibu miaka mia moja, ina wafuasi serikalini na vyuoni, na ni potofu.

Mwaka 1926 mwanaanthropolojia wa Marekani, Melville Herskovits, alichapisha katika jarida la American Anthropologist utafiti wake kuhusu ng'ombe katika Afrika Mashariki. Alieleza jinsi ng'ombe walivyofungamana na mahari, matambiko na heshima ya mtu. Kazi hiyo aliifanya maktabani, kwa kusoma maandishi ya waliotangulia kufika huku. Yeye mwenyewe hakuwa amekaa katika boma lolote la wafugaji hawa. Maofisa wa kikoloni walichukua kipande kilichowafaa: Mwafrika anapenda ng'ombe kupita kiasi, kwa hiyo hataacha kuwaongeza, kwa hiyo anaharibu ardhi, kwa hiyo apunguziwe kwa nguvu.

Ukambani walijaribu mwaka 1938. Ng'ombe walikamatwa Machakos na kunadiwa kwa bei ya kutupa, na ilikuwa wakati huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kikianza kazi Athi River na kikihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Wakamba kwa mamia na maelfu walitembea hadi Nairobi, Muindi Mbingu akiwa mbele yao, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha, serikali ilikuwa imeachana na upunguzaji wa lazima. Na lile jangwa lililotabiriwa? Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao wa Machakos: watu walikuwa wameongezeka kama mara tano tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua. Wakulima walijenga matuta ya ngazi, wakapanda miti, wakapata soko la kuuzia mazao. Ng'ombe hawakuwa wameisha.

Tanganyika nayo haikujifunza. Mpango wa maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, uliambatana na amri za kupunguza ng'ombe, na hasira iliyotokana na amri hizo ilikuja kuwanufaisha wanasiasa waliokuwa wakidai uhuru. Uhuru ulipopatikana, bendera ilibadilika, hotuba ikabaki.

Anayedhani ng'ombe ni sifa tu aingie zizini alfajiri kabla hawajafunguliwa, ahesabu jinsia na umri badala ya idadi. Atakuta majike ni zaidi ya nusu: wanaokamuliwa, wenye mimba, waliokauka maziwa. Atakuta mitamba na ndama, madume mawili matatu ya mbegu, na maksai wa kukokota plau. Mtu wa kujionesha angejaza madume yenye nundu na pembe za kutisha. Anayejaza majike anatafuta maziwa na uzao.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni wa asili, wengi wao zebu wa pembe fupi. Zebu jike huzaa mara ya kwanza akikaribia miaka 4, na baada ya hapo hazai kila mwaka. Ndama akishanyonya, mkamuaji hupata lita moja au mbili. Tuseme kaya ina watu 8 na inategemea maziwa. Ikikamua ng'ombe sita, inapata lita tisa hivi kwa siku njema, na ili sita wawe na maziwa lazima kuwe na wengine kama hao ambao hawakamuliwi. Ongeza mitamba wa kurithi nafasi zao, ndama, dume na maksai wawili wa kulima. Hesabu imeshapita ishirini na tano kabla hajapatikana hata mmoja wa kupeleka mnadani kulipia ada na dawa.

Hapo mvua bado inanyesha.

Ukame wa mwaka 2009 uliangamiza mifugo ya Longido na Monduli kwa kiwango ambacho wengine walibaki na fimbo mkononi. Kaskazini mwa Kenya, kati ya 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Sasa wapime wafugaji wawili. Wa kwanza ana ng'ombe 100, ukame ukamwachia 40. Ndani ya arobaini hao wamo majike wa kutosha kuanza upya, na akivumilia miaka kadhaa zizi litajaa tena. Wa pili aliusikiliza ushauri, akabaki na sita. Ukame huo huo ukamwachia wawili, pengine dume na jike mzee asiyezaa tena. Huyo ameshatoka kwenye ufugaji. Atakutwa mjini akilinda geti la mtu.

"Angeuza mapema," husema wataalamu. Auze wapi, kwa bei ya nani? Kwenye minada mingi ya vijijini ng'ombe hauzwi kwa kilo. Mnunuzi humzunguka, humbinya mbavu, hutazama mapaja, halafu hunong'ona na dalali, na bei inayotoka inategemea zaidi shida ya muuzaji kuliko uzito wa mnyama. Mwezi ambao malisho yameisha, wote wanauza siku moja. Ng'ombe amekonda, lori la kwenda mnada wa Pugu ni moja, na gunia la mahindi limepanda mara mbili. Mchumi wa India, Amartya Sen, alilichambua jambo hili mwaka 1981 katika kitabu chake kuhusu umaskini na njaa: wafugaji wa Ethiopia na wa Saheli waliumia kwa sababu mifugo yao ilikufa, na wakaumia tena kwa sababu iliyobaki haikununua tena nafaka kama zamani. Mwenye duka Kariakoo akiambiwa auze mali yote wiki ambayo hakuna mteja, atamwona mshauri huyo ni punguani.

Shutuma ya pili ni kuhamahama. Inasemwa kana kwamba mfugaji huzurura ovyo akifuata mkia wa ng'ombe. Watazame Wamaasai wa Ngorongoro. Kuanzia Januari hadi Machi nyumbu huzaa kwa maelfu katika mbuga za Ndutu, kwenye majani mafupi yenye madini mengi kuliko karibu yote ya ukanda ule. Ndiyo malisho bora, na ndiyo wakati ambao Mmaasai huwaondoa ng'ombe wake na kuwapandisha nyanda za juu. Sababu ni kwamba ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyowadhuru wao, lakini ng'ombe akivipata hupandwa na homa, macho yake hufunga ukungu na hufa. Virusi hivyo vilitambuliwa na Walter Plowright katika maabara ya Muguga, Kenya, mwaka 1960. Wafugaji walikuwa wakivikwepa kabla ya kuwapo kwa maabara hiyo, kwa kuacha majani mazuri yaliwe na wanyama wengine hadi ndama wa nyumbu wakue.

Sayansi ya malisho yenyewe imebadilika. Jim Ellis na David Swift, waliofanya utafiti Turkana, waliandika mwaka 1988 kwamba katika nchi kame ambako mvua haitabiriki, idadi ya mifugo huamuliwa zaidi na ukame kuliko wingi wa midomo. Mahali kama hapo ile kanuni ya ranchi, kwamba kila hekta ina idadi yake maalumu ya ng'ombe, haina mashiko, kwa kuwa hekta hiyo hiyo mwaka huu ina majani hadi magotini na mwakani ina vumbi. Kinachofaa ni kuweza kuondoka.

Na kuondoka ndiko kulikozuiwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba ya ngano ya serikali yaliyofadhiliwa na Kanada yalichukua ekari kama 100,000 za uwanda wa Basotu, Hanang. Ardhi hiyo ilikuwa malisho muhimu ya Wabarbaig, waliyokuwa wakiyatumia kwa zamu na kuyapumzisha. Walikwenda mahakamani, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua dhidi ya kijiji cha Mulbadaw. Ng'ombe walewale wakasukumwa kwenye ardhi iliyobaki, ambayo nayo ikachakaa, kisha wakaja wataalamu kupima uchakavu huo na kuandika kwamba ng'ombe ni wengi mno. Ardhi ndiyo iliyokuwa imepungua.

Usangu nako kisa ni kile kile. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na lawama ikatua kwa wafugaji wa ardhioevu ya Ihefu. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa Mbarali na ng'ombe wao, wengi wakasafirishwa hadi Lindi na Pwani. Lakini utafiti uliofanyika Usangu tangu 1998 ulikuwa umeshaonesha kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani, hasa ya mpunga, wakati mto ukiwa umepungua. Ng'ombe waliondoka. Mto uliendelea kukauka katika viangazi vya miaka iliyofuata.

Wapo watakaotaja Kondoa, na wana hoja. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika vilima vilivyoliwa na mmomonyoko chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO, na majani yakarudi, makorongo yakafunikwa. Ni kweli pia kwamba mifugo hiyo haikuyeyuka. Ilihamishiwa nyanda za chini, ikawa mzigo wa wengine. Na hakuna wa kupuuza damu iliyomwagika Kilosa Desemba 2000, wakulima zaidi ya thelathini walipouawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi na wafugaji. Mifugo inapoingia shambani mwa mtu, maelezo ya ukame hayamrudishii mahindi yake. Mfugaji anayelisha mazao ya mwenzake ni mhalifu kama mwingine, na ashtakiwe hivyo. Ila kesi yake ni ya kuingiza mifugo shambani. Idadi ya waliobaki zizini haiwezi kuwa kosa.

Mfano wa Shinyanga unazidi ule wa Kondoa kwa sababu ng'ombe walibaki. Misitu ya Usukuma ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi, sehemu ili kuua mbung'o na sehemu kwa ajili ya pamba. Mwaka 1986 mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulianza kwa kugawa miche, kisha ukagundua kwamba Wasukuma walikuwa na dawa yao: ngitili, yaani eneo linalofungwa masika na kufunguliwa kiangazi kikikolea, chini ya sheria za kijiji na faini za sungusungu. Serikali ilipoacha kuidharau desturi hiyo, ngitili zilipanuka kutoka mamia ya hekta hadi zaidi ya 300,000 katika muda wa miaka kama kumi na tano. Mradi huo ukapata tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002.

Ng'ombe wa kisasa ana mahali pake. Rungwe, Njombe na miteremko ya Kilimanjaro, Friesian anayefungiwa bandani na kukatiwa majani hulipa, kwani mvua ipo, pumba zipo na mnunuzi wa maziwa yuko barabarani. Mpeleke Simanjiro mwezi wa Oktoba. Anataka maji mengi kila siku, hana kinga ya ndigana kali, na hawezi kutembea kilomita ishirini kutoka kisimani hadi malishoni. Zebu wa kilo 250 anayedharauliwa kwa lita yake moja ndiye atakayekuwa bado amesimama Desemba.

Mfugaji atapunguza ng'ombe siku akipata kinga nyingine dhidi ya ukame. Marsabit walianza mwaka 2010 kujaribu bima inayosoma ukijani wa malisho kwa setilaiti na kulipa majani yanapopungua, na serikali ya Kenya ikaipanua kuanzia 2015. Mizani mnadani ni chuma tu, si teknolojia ya kuagizwa kwa mkopo. Josho lenye maji na dawa huokoa ndama ambao sasa hufa kwa kupe. Na malisho yanaweza kupimwa: Kiteto, vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti viliunganisha nyanda zao, vikazipangia matumizi ya pamoja na kupata hati za kimila. Sheria ya kutenga maeneo ya malisho ipo tangu 2010. Wizara ikisoma bajeti yake hutaja idadi ya ng'ombe hadi tarakimu ya mwisho. Itaje pia, wilaya kwa wilaya, ni hekta ngapi za malisho zimepimwa na kupewa hati, na ni ngapi zimechukuliwa tangu bajeti iliyopita.