KUAGA KAZI SI KUTOROKA

Twapenda leo kusema neno juu ya kijana wa Mkongo, katika Wilaya ya Rufiji, aliyetia sahihi mkataba wa kazi, kisha akaona baada ya miezi miwili au mitatu kwamba kazi ile haimfai. Tangu ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza mwaka 2019, kazi za mkataba zimesogea karibu na milango ya watu wa njia ya Kibiti na Mloka, na jambo hili si dogo kwao.

Pengine kijana aliambiwa atakuwa dereva, akakuta anapakia mifuko ya saruji. Pengine kifua chake hakistahimili vumbi, au mpunga wa wazee wake umefika kuvunwa na nyumbani hakuna mkono mwingine. Kwetu sisi hizo zote ni sababu za haki. Tulikataalo ni ile njia ya kungoja mshahara, kufunga kibunda usiku na kupanda gari la alfajiri bila ya kumwambia mtu.

Desturi hiyo ina asili yake. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, mkoloni alimhesabu mtu aliyeacha kazi ya mkataba kuwa mhalifu. Manamba wa mashamba ya mkonge hakuwa na mlango wa kuagia. Alikuwa na msitu tu. Babu zetu walitoroka, nasi hatuwalaumu. Lakini mjukuu anayetoroka leo anakimbia nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mwajiriwa wa mwezi, ambaye mkataba wake waweza kukomeshwa kwa taarifa, atatoa taarifa ya maandishi isiyopungua siku 28. Akiwa bado katika mwezi wa kwanza, siku 7 zatosha. Hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mkataba wa muda maalumu, tuseme wa mwaka mmoja, haukomeshwi na mwajiriwa kwa taarifa peke yake. Kanuni za mwaka 2007 zamruhusu kuuacha ikiwa mwajiri ameuvunja kwa jambo kubwa. Pasipo kosa la mwajiri, hana budi kumwomba akubali mkataba ukome mapema.

Neno hilo "kuomba" huwachoma vijana wengi. Wasione haya. Mwajiri mwenye akili hapendi kukaa na mtu ambaye mikono yake iko kazini na moyo wake uko Mkongo. Aendewe mapema, si siku ya kumwaga zege. Aambiwe sababu ya kweli kwa maneno machache, bila ya kumtukana msimamizi wala kuhesabu makosa ya kambi nzima. Aahidiwe kwamba vifaa vitarudishwa na atakayeishika kazi ataonyeshwa. Akikubali, makubaliano yaandikwe na pande zote mbili zitie sahihi, na siku ya mwisho itajwe.

Aondokaye hivyo ana haki ya mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo aliyoistahili na cheti cha utumishi. Na kama alichukuliwa kutoka mbali, nauli ya kumrudisha alikotolewa. Cheti hicho ndicho mtoro anachokiacha nyuma. Ghala likipungua atabisha hodi kwa mwajiri mwingine, naye ataulizwa alikuwa wapi mwaka jana.

Nao waajiri wasijidanganye. Wako wanaomwona aombaye ruhusa kuwa msaliti, wakamzuilia mshahara ili ajute. Hao ndio wanaowafundisha wengine kutoroka. Aliyezuiliwa haki yake apeleke shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tena asikawie, kwa maana madai ya namna hiyo yamewekewa siku 60.

Twawaomba watendaji na walimu wa Mkongo wawasaidie vijana kuandika barua hizo. Ukurasa mmoja watosha: jina, kazi, tarehe ya mkataba, sababu, na siku ambayo mwombaji ataka kuondoka.