Pwani ya wenzetu hatuulizwi, ya kwetu tunafukuzwa

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jumamosi moja ya majira haya ya joto sisi ndio tuliokuwa wageni, na tulipona kweli kweli. Lakini tulirudi nyumbani na donge rohoni, na leo tunalitoa.

Anayeishi hapa Sutton Coldfield, Birmingham, yuko mbali mno na bahari. Sehemu ya Uingereza inayotajwa kuwa mbali zaidi na pwani, maili 70, ipo karibu na kijiji cha Coton in the Elms, mwendo mfupi wa gari kutoka kwetu. Kwa sisi tuliozaliwa Unguja tukalala na kuamka kwa mshindo wa mawimbi, huo ni mtihani. Watoto wetu waliozaliwa huku hujui utawaelezaje maji kupwa na kujaa. Basi tukakusanyana familia tatu, tukapakia pilau, mkate wa kumimina na chupa za chai, tukashika njia ya Shrewsbury, tukapanda milima ya Wales, tukapita Pwllheli, na baada ya karibu saa nne tukafika kijiji cha Llanbedrog.

Pwani yenyewe ni ndogo, imekaa ndani ya ghuba. Upande mmoja kuna mlima unaozuia upepo wa kusi-magharibi, kwa hiyo maji yametulia, na mtoto anatembea hatua nyingi kabla hayajamfika kiunoni. Hakuna cha ajabu pale. Kuna maegesho ya kulipia, choo, mkahawa mmoja na safu ya vibanda vya mbao vilivyopakwa rangi. Basi. Hakuna muziki wa kupasua masikio. Wake zetu waliingia majini na nguo zao za stara, wazee wakatandika mkeka, watoto wakajenga majumba ya mchanga na watoto wa Kizungu wasiowajua. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata mfupa, lakini kutwa nzima hapana mtu aliyetuuliza sisi ni nani na tunafuata nini pale.

Jambo hilo halikuja kwa bahati. Mwaka 1965 jumuiya ya hisani iitwayo National Trust ilianza kuchangisha fedha kwa wananchi ili inunue fukwe kabla hazijajengwa zikaharibika. Leo inashika zaidi ya maili 700 za pwani ya Uingereza na Wales, na Llanbedrog imo mikononi mwake tangu mwaka 2000. Hata hapa tunapokaa, bustani ya Sutton Park, karibu ekari 2,400 za miti na mabwawa, ilipewa watu wa mji huu kwa hati ya Mfalme Henry wa Nane mwaka 1528, kwa juhudi za Askofu John Vesey. Karne tano zinakaribia, na bado mtu anaingia kwa miguu yake bila ya kulipa.

Sasa tutazame kwetu. Kwa makaratasi sisi tumewapita hawa. Sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 inasema ardhi ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Tanzania Bara, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kenya nao, katiba yao ya mwaka 2010 imeandika kuwa ardhi yote baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Maneno matamu. Lakini kabla hatujatoka nchini, tulipeleka watoto pwani ya mashariki ya Unguja, mahali tulipokuwa tukioga tangu utotoni. Tulikuta ukuta, na penye ukuta askari. Akatuuliza, "Mnakwenda wapi?" Tukamwambia tunakwenda baharini. Akasema hapa ni kwa wageni wa hoteli tu. Kijana yule alikuwa wa kijiji kile kile, na hakuthubutu kututazama usoni.

Tumeishi na swali lile miaka yote hii. Katika nchi ya mabepari, watu wamechanga senti zao kununua pwani ili iwe ya wote. Katika nchi iliyosema ardhi ni ya wote, pwani imezungushiwa ukuta.

Hatusemi kwamba huku ni peponi. Katika vijiji hivyo hivyo vya Wales matajiri wamenunua nyumba za mapumziko hata vijana wenyeji hawapati pa kukaa, na baraza la Gwynedd lililazimika mwaka 2023 kuongeza kodi ya nyumba hizo kwa asilimia 150. Wala hatusemi hoteli zifungwe. Zinaajiri ndugu zetu na zinaleta fedha. Lakini mama anayelima mwani Paje au Jambiani, na mvuvi anayevuta ngalawa yake, hawakukodishiwa bahari na mtu. Wameikuta kwa babu zao.

Tunachoomba ni kidogo. Kila mkataba wa hoteli uandike njia ya wanakijiji kwenda baharini, na njia hiyo iwekewe alama ionekane. Kila wilaya itenge pwani moja au mbili tulivu zisizojengwa hoteli, ziwe na choo, maji ya mfereji na kivuli cha mivinje tu, familia ziende Sikukuu na Jumapili. Na Wawakilishi watakaokuja kuomba kura waulizwe swali hili hadharani, kijiji kwa kijiji.

Tuliporudi Sutton usiku ule, mtoto wetu mdogo, mchanga umemjaa masikioni, aliuliza kama kwetu Unguja kuna pwani kama ile. Tukamwambia zipo, tena nzuri zaidi, na maji yake ya moto. Akauliza, "Na sisi tutaingia?" Hatukuwa na jibu. Wenye kushika madaraka wamjibu.