KODI YA KICHWA KATIKA KOMPYUTA

Hapana mtu wa haki asemaye kwamba fundi asilipwe. Mwandishi wa programu za kompyuta ni mfanyakazi kama seremala, na jasho lake lina ujira. Lakini ada ambayo kampuni ya Oracle ya Marekani imeitoza Java tangu Januari 2023 twaiona kuwa imevuka mpaka wa biashara ya haki, na mashirika makubwa ya kimataifa yanayoendelea kuilipa bila kuhoji yanawakosea wafanyakazi wao.

Java ni lugha ya kuandikia programu, pamoja na chombo cha kuziendeshea. Ilitolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems, ambayo Oracle iliinunua mwaka 2010. Kwa muda mrefu ilipatikana bure, nayo ikaenea katika mabenki, viwanda na bohari za dunia nzima. Mwaka 2019 wafanya biashara walianza kudaiwa ada kwa masahihisho mapya ya Java 8, lakini hesabu ilikuwa ya mashine na watumiaji. Alipaye alikuwa ni atumiaye.

Hesabu ya 2023 ni ya vichwa. Wafanyakazi wote huhesabiwa, wa kudumu na wa muda, pamoja na watu wa makandarasi na washauri wanaotumikia shughuli za ndani za kampuni. Mfagiaji ambaye hajapata kugusa kompyuta yumo, na dereva wa lori yumo. Bei iliyotangazwa ilianzia dola 15 kwa kichwa kwa mwezi, ikishuka kwa ngazi kadiri watu wanavyozidi. Kampuni ya watu 28,000 ilipangiwa dola 6.75 kwa kila mmoja, yaani dola 2,268,000 kwa mwaka, hata kama Java imo katika mashine hamsini tu!

Wazee wetu wanalijua jambo hili kwa jina lake. Mkoloni alipotoza kodi ya kichwa hakuuliza shamba limezaa nini. Twaambiwa kwamba hesabu ya namna hii ni nyepesi. Naam, ni nyepesi kwa anayetoza.

Wala kampuni hazikufungwa minyororo. Sun yenyewe ilianza kuifungua Java mwaka 2006 kwa leseni huria, na kutokana na mradi huo uitwao OpenJDK wengine hutengeneza Java isiyodaiwa ada, kama vile Temurin na Corretto. Programu nyingi huendeshwa nazo bila tofauti. Tuseme kweli, Oracle nayo hufanya kazi kubwa katika mradi huo huo.

Taabu iko ndani ya nyumba. Kampuni yenye matawi katika nchi ishirini mara nyingi haijui mashine ipi ina nini. Karani wa tawi moja alipakua Java miaka mingi iliyopita, akahamishwa, na mashine ikabaki. Programu ya hesabu ilinunuliwa ikiwa na Java ndani yake, na pengine muuzaji wake alikwisha kulipa leseni, ila hapana aliyemwuliza. Kila tawi lajinunulia peke yake, na barua ya mkaguzi ikija meneja wa tawi huijibu kwa haraka bila kuwauliza wanasheria. Basi iwepo ofisi moja yenye amri juu ya matawi yote, ihesabu kila mashine, iondoe kisichohitajiwa, na iweke Java huria baada ya kuijaribu. Zitabaki programu chache za zamani zitakazokataa. Hizo zitafutiwa badala, au zilipiwe kwa macho mawazi.

Tunalolihofia zaidi ni hili. Ada ikiwa ya vichwa, mkurugenzi mvivu ataona kwamba njia ya mkato ni kupunguza vichwa. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya programu asiyoitumia ni dhuluma, na kosa la bohari isiyohesabiwa ni la wakurugenzi, si lake. Kwa hiyo twataka kwamba, kabla ya mkataba wowote wa namna hii kutiwa sahihi tena, wakurugenzi wawaonyeshe viongozi wa chama cha wafanyakazi hesabu yenyewe: mashine ni ngapi, programu ni zipi, na ni nani hasa anayezitumia.