Mupaka hauko kwenye nguo, uko kwenye ruhusa



Katika grupu moja ya WhatsApp ya vijana wa muji wetu, mwenzetu aliweka picha ya sanamu ya Walega: mwanamuke wa pembe ya tembo, uchi, mwenye mimba. Haikumaliza dakika kumi. Musimamizi wa grupu akaifuta na kuandika: «Hapa hatutaki porno.» Wiki ile ile, katika grupu ile ile, ikapita video ya binti aliyevuliwa nguo sokoni, juu watu walisema ameiba. Analia, anajifunika na mikono. Ile hakuna mutu aliifuta. Ilitumwa, ikatumwa tena, na vicheko juu yake.

Tunauliza: kati ya zile mbili, uchafu uko wapi?

Sanamu kama ile ni ya Bwami, chama cha wazee wa Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi. Kila sanamu ilionyeshwa pamoja na mezali yake, ili mutu ajifunze kuishi vizuri na wengine. Moja inaitwa Wayinda: mwanamuke mwenye mimba aliyefanya uzinzi. Kwa hiyo mwili ule wa uchi ulikuwa unafundisha watu kuacha uzinzi! Wakoloni Wabelgiji walipiga Bwami marufuku, na vitu vyake vingi leo viko katika mamuzeum ya Ulaya. Waluba nao walichonga viti vya wafalme vinavyobebwa na mwanamuke asiye na nguo juu ya kifua, sababu kwao mwili wa mwanamuke ndio uliweza kubeba roho na nguvu ya ufalme. Hakuna aliyeita ile porno.

Wengine watatujibu: «Leo kila mutu anayeuza uchi atasema ni sanaa.» Ni kweli, wako wanaojificha nyuma ya hilo neno. Na wazazi wetu wana haki ya kuogopa, juu simu iko mukononi mwa mutoto wa miaka kumi. Ndiyo maana hatusemi kila kitu kipite. Tunasema tupime vizuri, na maulizo matatu:

1. Yule anayeonekana alikubali? Tena alikubali nini: kupigwa picha tu, ao pia kuonyeshwa kwa watu wote? Kwa mutoto hakuna hata kuuliza: hapana ni hapana.

2. Anabaki mutu, ao amekuwa nyama tu? Zamani za ukoloni, Casimir Zagourski, mupiga picha wa Léopoldville, aliuza kadi za posta zenye wanamuke wa inchi yetu vifua wazi. Chini ya picha mara nyingi iliandikwa kabila, jina la mutu hapana. Wazungu waliziita kumbukumbu ya Afrika. Sisi tunaona wamama ambao hakuna aliyewauliza majina yao.

3. Picha inataka nini kwako? Ufikiri, uhurumie, ushangae uzuri wa mwili, ao tu uwake tamaa na ulipe?

Haya maulizo hayafungui kila mulango. Hata sisi wenyewe tunabishana juu ya picha fulani. Lakini yanatosha kwa ile video ya sokoni: ni kosa, hata kama binti angebaki na nguo nusu.

Sasa nani achore huu mupaka? Kuna wanaotaka serkali ikate kila kitu. Tukumbuke Novemba 2021: tume ya udhibiti ya Kinshasa ilikataza nyimbo za MPR na Bob Elvis. Hazikuwa na uchi wowote, zilikuwa zinaambia watawala ukweli. Kelele za raia zilifanya wimbo wa MPR uachiliwe. Mukasi unaopewa ruhusa ya kukata matiti, kesho unakata midomo.

Kwa hiyo tunadai:

– Polisi na tribinali ziache kuhangaika na wachoraji, zifuate wale wanaotupa mwili wa mutu kwenye mutandao bila ruhusa yake. Code ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaazibu usumbufu wa mutandaoni na picha za ngono za watoto. Itumike.

– Masomo yafundishe sanaa ya Walega na Waluba bila kuona haya, ili mutoto asijifunze mwili kwa porno peke yake.

– Wasimamizi wa magrupu wafute kwanza video za aibu, kisha ndiyo wabishane juu ya sanamu.

Na sisi? Wengi wetu tuliiona ile video. Wengine tuliifungua mara mbili. Tuliona haya, tukanyamaza. Kila tunapoituma ao kuinyamazia, yule binti anavuliwa tena. Ikifika kwa simu yako, ifute, na umwambie aliyekutumia kwa nini umeifuta.